Kazi Isiyoonekana Mpaka Isipofanyika

Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi mstaafu mbele ya wanafunzi wa sekondari huko Shelui, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni.

Kaeni. Ninyi mlioko nyuma kabisa sogeeni karibu, sauti yangu siyo ya redio.

Najua mlipoambiwa kwamba muuguzi anakuja, wengine mlidhani nitaleta picha za magonjwa za kutisha. Naona mmoja pale ameshakunja uso kabla sijaanza. Leo sina picha. Nataka tuongee juu ya ufagio, ndoo, kitambaa cha kuoshea uso, na kidonge. (Vicheko.) Haya, chekeni, lakini mnipe hiyo nusu saa niliyoahidiwa.

Tuanze na kitu mnachokiona kila siku. Barabara ile pale. Lori linatoka Singida limebeba saruji, linafika juu ya Mlima Sekenke kabla halijateremka kuja huku kwetu. Dereva makini anasimama. Utingo anaruka chini, anagonga matairi kwa chuma huku akisikiliza mlio, anachungulia breki, anasikiliza kama upepo unavuja. Dakika kumi hivi. Halafu gari linateremka taratibu kwa gia nzito, linaingia Shelui, dereva anakula ugali wake kwa mama lishe, na safari ya Igunga na Nzega inaendelea. Je, nani kati yenu amewahi kumpongeza yule utingo? Hakuna. Utampongezaje mtu kwa ajali ambayo haikutokea? Hakuna polisi anayeandika ajali zisizotokea. Lakini siku akipitiwa, breki zikagoma kwenye ile kona, siku hiyo atajulikana mpaka kwenye taarifa ya habari.

Sasa, kazi nyingi za kila siku ziko hivyo hivyo. Zina matokeo, tena makubwa, ila matokeo yenyewe ni kitu ambacho hakikutokea. Uwanja uliofagiliwa unaonekana ni uwanja tu. Sahani iliyooshwa ni sahani. Mtoto ambaye hakuharisha wiki hii anacheza zake na gurudumu, nani atakuja kuandika habari zake? Kwa hiyo anayezifanya kazi hizi anachoka mara mbili. Anachoka mwili, halafu anachoka kwa sababu alichofanya hakionekani, na kesho alfajiri kinaanza upya kama vile jana hakukifanya. Wasichana mnanielewa hapo. Naona vichwa vinatikisika.

Mtu akichoka namna hiyo ya pili, anaanza kufanya kazi bora liende. Na hapo ndipo mimi, kama mtu wa hospitali, ninapoingia. Nitawapa ushahidi, tena wa hapa jirani.

Mnafahamu ugonjwa wa macho unaoitwa trakoma, wengine wanauita vikope. Ukanda wetu huu wa kati, Dodoma na Singida, umeujua kwa miaka mingi. Unaletwa na bakteria. Anatoka jicho la mtoto mmoja kwenda jicho la mwingine kwa vidole, kwa pindo la khanga alilofutiwa mdogo halafu akafutiwa mkubwa, na kwa inzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Mtoto akiambukizwa mara moja macho yanawasha, yanatoa uchafu, basi. Ubaya wake ni kurudiarudia. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka, ngozi ya ndani ya kope inapata makovu, kope inajikunja kwa ndani, na vinyweleo vinaanza kukwaruza mboni kila anapopepesa. Hebu fikirini, kupepesa jicho maelfu ya mara kwa siku, na kila mara ni kama mchanga. Mwishowe anakuwa kipofu. Na wanawake wanapofuka kwa ugonjwa huu kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo.

Kongwa, mkoa wa Dodoma, watafiti walifanya kazi kwa miaka mingi juu ya jambo hili. Kuna utafiti wao mmoja uliochapishwa mwaka 1995. Walichukua vijiji sita. Vijiji vyote watoto walipewa dawa ya macho ya tetracycline. Kisha katika vijiji vitatu wakaongeza kitu kimoja: mikutano na wananchi, mazungumzo na akina mama na akina baba, ili watoto wanawishwe uso kila siku. Hakuna mashine wala sindano. Ni maji kidogo na mkono. Baada ya mwaka mmoja, trakoma kali ilikuwa imepungua zaidi katika vile vijiji vilivyohimizwa kunawisha uso. Na watoto waliokutwa na uso safi zaidi ya mara moja, watafiti walipopita kukagua, ndio waliokuwa salama zaidi.

Sikilizeni hapo, maana ndipo penye mazungumzo yangu yote. Zaidi ya mara moja. Ule uso ulionawishwa kwa haraka kwa sababu gari la wageni limeonekana kwenye kona, huo ni uso wa maonyesho. Uso unaookoa jicho ni ule wa Jumanne ya kawaida, wakati hakuna anayeangalia.

Na kilichokuwa kigumu kule si maji peke yake. Mama alikuwa na maji kidogo na saa chache, na kila kikombe kina wenyewe: cha kupikia, cha kunywa, cha ndama. Akitumia muda kumnawisha mtoto wakati kazi nyingine zinamsubiri, wako watakaosema anapoteza wakati. Kwa hiyo ilibidi kuongea na nyumba nzima, wanaume wakiwemo, mpaka ikakubalika kwamba kunawisha uso nako ni kazi. Mimi nikawa najiuliza, ni akina mama wangapi waliolinda macho ya watoto wao bila wao wenyewe kujua wamefanya jambo kubwa? Leo kuna vijana wanasoma ubaoni kwa macho mazima, na wanadhani macho yanakuja yenyewe tu.

Tangu mwaka 1999 Tanzania inapata dawa ya azithromycin ya msaada, na vijiji vingi vimemeza. Ugonjwa umepungua sana. Lakini dawa hiyo inagawiwa kwa kampeni, mara moja kwa mwaka. Siku zilizobaki ni zenu. Na kusema kweli, katika nyumba nyingi anayemnawisha mdogo asubuhi siyo mama. Ni dada, au kaka, aliyevaa sare tayari na anachungulia jua asichelewe namba. Ni wewe hapo.

Basi tuje kwenye ndoo. Mnapenda hesabu? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, ndoo yenyewe sijaiweka. Mtu akibeba ndoo mbili kwa siku, hizo ni kilo 40. Zidisha kwa siku 365. Haya, nani amepata? Ndiyo, 14,600. Tani 14 na ushee kwa mwaka, juu ya kichwa cha msichana mwenye miaka kumi na tano. Lori likibeba tani kumi na nne barabarani linapimwa kwenye mizani na dereva anapewa karatasi. Msichana anapewa nini? Anaulizwa, "Mbona umechelewa?"

Nimeanza na hesabu kwa makusudi. Watu wengi wakizungumzia shukrani wanaanza na moyo. Mimi naona tuanze na kilo. Huwezi kushukuru kitu ambacho hujui uzito wake. Kijana wa kiume ambaye hajawahi kutoka kisimani na ndoo kichwani, akisema "asante mama kwa maji," ile asante yake ni ya mdomoni. Siyo kwamba ni mnafiki, hapana, ni kwamba hajui. Mbebeshe wiki moja tu. Nakuambia, siku ya nane hatamwaga maji ya kunawia hovyo, wala hatamwacha dada yake aende peke yake gizani. Hiyo ndiyo asante ninayoijua mimi.

Wako wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, waliochapisha utafiti mwaka 2003. Waliwaomba wanafunzi wa chuo, kila wiki kwa wiki kumi, waandike mambo yasiyozidi matano. Kundi moja liandike ya kushukuru, kundi lingine liandike kero. Wale wa kushukuru walijisikia vizuri zaidi kuhusu maisha yao kuliko wale wa kero. Mimi naukubali, ila nina nyongeza yangu. Ukiandika kwenye daftari lako, usiandike "nashukuru kwa chakula." Andika nani. Nani alipura huo mtama, nani alikwenda mashineni kusaga, nani aliamka kuwasha moto wakati wewe umejifunika shuka gubigubi. Ukishaandika jina, utashangaa jinsi utakavyoona aibu kuacha sahani yako mezani.

Sasa kuna jambo linalotuharibia, na walimu wangu mniwie radhi, nitalisema. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe pia mahali pa uzalishaji, yenye shamba lake, na wanafunzi wafanye wenyewe kazi ambazo watu walikuwa wanaajiriwa kuwafanyia. Alikuwa na hofu kwamba msomi atarudi kijijini akiwa anadharau jembe. Wazo zuri sana. Lakini katika shule nyingi nini kilitokea? Kazi ikageuka adhabu. Umechelewa, kalime. Umeongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, fagia choo. Umepiga kelele, chota ndoo kumi. Sasa mtoto anayeona kwamba anayefagia choo ni mkosaji, atajifunza nini juu ya yule mama anayefagia choo cha zahanati kila siku? Atajifunza kwamba yule ni mtu aliyeshindwa maisha. Na mimi nawaambia, nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimeona daktari akikosekana siku mbili na wodi ikaenda. Mhudumu wa usafi akikosekana siku mbili, wodi nzima inanuka na vidonda vinaanza kuoza. Kama mnataka adhabu, tafuteni nyingine. Ufagio uacheni kwenye zamu, zamu ya kila mtu, kiranja akiwemo. (Makofi.) Msipige makofi sana, mnaniponza kwa wenyeji wangu.

Najua pia, hasa ninyi wavulana, wakati mimi naongea habari za ufagio, mawazo ya wengine yako machimboni. Tusifichane. Tumekaa chini ya Sekenke, na Sekenke ni dhahabu. Wajerumani walichimba hapo miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, vita vimewabana na fedha hazifiki kutoka kwao, walichukua dhahabu ya Sekenke wakatengeneza sarafu kule Tabora, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo ziko kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, wanauziana kwa bei ya ajabu huko nje. Picha ya tembo tunayo. Je, nani aliwapikia waliochimba? Nani aliwatekea maji? Nani alikata miti ya kuzuia kuta za mashimo? Hakuna sarafu yenye picha yake.

Na machimbo ya leo ni vilevile. Kijana anaacha shule kidato cha pili kwa sababu jirani yake alipata dhahabu akanunua pikipiki. Anaona siku ile moja. Haoni zile siku mia tatu za kuvuta udongo juu. Hata huko kwenye duara, kinachokurudisha juu ukiwa hai ni yule aliyekagua kamba asubuhi na yule aliyesimamisha magogo vizuri. Ni yale yale ya utingo. Anayekimbia kazi za kila siku akidhani machimboni hazipo, atazikuta kule zinamsubiri, tena kule ukizifanya hovyo unafukiwa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye machimbo, sikilizeni jambo la kiafya. Zebaki isichomwe jikoni. Kamwe. Ule moshi wake hauonekani, unaingia kichwani kwa mtoto na kwa aliye tumboni, unaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Anayeshika zebaki na anayefanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Na lile vumbi la mawe linaumiza mapafu. Mapafu yaliyoumia kwa vumbi ni rahisi kushikwa na kifua kikuu.

Hapo tunafika kwenye kidonge. Kifua kikuu kinapona. Dawa ni bure. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, kila siku. Shida ni kwamba baada ya mwezi mmoja au miwili mgonjwa anajisikia mzima. Kikohozi kimekwisha, ameanza kunenepa, anacheza mpira. Sasa kidonge cha leo kinamfanyia nini? Haoni. Anaacha. Wadudu waliobaki wanarudi, na safari hii wanaweza kuwa sugu.

Mnajua kwamba njia ya kulizuia jambo hili, inayotumika dunia nzima, ilikomaa hapa Tanzania? Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Pamoja na wataalamu wetu alikuwepo daktari mmoja mzaliwa wa Chekoslovakia, Karel Styblo. Huyu mzee mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa kijana, mfungwa kwenye kambi ya Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mlitegemea alete dawa ya miujiza, sivyo? Kilichoshangaza wengi ni rejista. Daftari. Kila mgonjwa jina lake, kila mmoja afuatiliwe mpaka mwisho wa matibabu, na muuguzi au mhudumu amwone kwa macho yake akimeza dawa katika kipindi cha mwanzo. Basi. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaichukua njia hiyo na kuisambaza kwa jina la DOTS.

Mimi nimekaa na rejista hiyo. Nawaambia ukweli, inachosha. Tiki, tiki, tiki. Mgonjwa anakuja, anameza, unaweka tiki, anakwenda. Kilichonisaidia nisiboreke ni kwamba niliacha kuhesabu tiki nikaanza kujua watu. Huyu ana mtoto anaanza darasa la kwanza. Huyu alikuwa hawezi kupanda baiskeli, leo amekuja na baiskeli. Tiki ni ile ile, lakini sasa nilijua ni ya nani.

Ni vivyo hivyo kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU, ambazo nchini kwetu zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Kila siku, saa ile ile, miaka nenda rudi. Bwenini kwenu anaweza kuwepo mwenzenu anayeangalia saa kila jioni halafu anatoka kidogo. Usimfuate wala usimcheke. Anafanya kazi ngumu kuliko ya mtihani wako, na hakuna anayempa cheti.

Haya, nimesema mengi. Ulizeni.

Mvulana, kidato cha tatu: Mimi nyumbani nikifagia au nikiosha vyombo, kaka zangu wananiita "dada." Nifanyeje?

(Vicheko.) Waache wacheke, na wewe uendelee. Lakini nikuulize, ukiugua ukalazwa, nani atakuosha? Waangalie wanaume wa jeshini, wanapiga deki, wanafua, wanatandika kitanda mpaka shuka inanyooka kama ubao. Kuna anayewaita dada? Hawathubutu. Ufagio hauna jinsia, mwanangu. Halafu mwambie kaka mkubwa kwa upole, mbele ya mama, "Kaka, leo zamu yako." Angalia nani atacheka.

Msichana, kidato cha pili: Mama, umesema mambo mazuri, lakini mimi sioni cha kushukuru. Naamka saa kumi usiku nakwenda kisimani, narudi napika uji, namwogesha mdogo wangu, ndiyo nije shule. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa nachelewa, na adhabu ilikuwa kuchota maji.

Hebu rudia hilo la mwisho walimu wasikie. Adhabu ya kuchelewa kwa sababu ya kuchota maji ilikuwa kuchota maji. Asante mwanangu kwa kulisema.

Mimi sijaja kukuambia ushukuru kwa mzigo uliokuzidi. Mtu akikutwika mizigo ya watu watatu halafu akakuambia ushukuru, huyo anakunyamazisha. Wewe ndiye unayedaiwa asante, siyo unayedaiwa kuitoa. Ninachokuambia ni kitu kingine. Usikubali kuidharau kazi yako kwa sababu wao hawaioni. Yule mdogo wako ana macho mazuri? Anayo? Basi hayo ni ya mkono wako, na hata ukiwa daktari siku moja hutafanya kazi kubwa kuliko hiyo, labda iliyo sawa nayo tu.

Halafu tafuta wa kukusaidia kusema. Baba au mjomba au shangazi mwenye maneno, au mwalimu wa malezi. Mwambie hesabu ile, kilo 40 kwa siku, tani 14 kwa mwaka. Watu wazima wengine machozi hayawatishi, ila hesabu wanaisikiliza. Omba vitu viwili tu: kaka achukue safari moja, na maji yachotwe jioni mkiwa wengi, siyo saa kumi za usiku peke yako njiani. Hilo la usiku ni la usalama wako na halina mjadala. Mwalimu wa malezi yuko wapi? Mwalimu, naomba tuonane na binti huyu kabla sijaondoka.

Mvulana, kidato cha nne: Je, mtu akiwa hana hamu ya kufanya kitu chochote, hata kuoga, huo ni uvivu?

Swali zuri, na sitaki mlisahau jibu. Mvivu wa kuosha vyombo ukimwita mpirani anakwenda mbio. Lakini mtu aliyekuwa anapenda mpira akaacha, aliyekuwa msafi akaacha kuoga, halali au analala mchana kutwa, chakula hakipandi, anajiona hana thamani, na hali hiyo inaendelea wiki mbili au zaidi, huyo anaweza kuwa na sonona. Sonona ni ugonjwa. Kumwambia "shukuru wenzako hawana hata ulichonacho" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka. Kaa naye. Msaidie kazi zake bila kumsimanga. Mpeleke kwa mtu mzima mnayemwamini na kituo cha afya, dawa na ushauri vipo. Akisema anataka kufa usiahidi kumtunzia siri hiyo. Siku ile ile mwambie mtu mzima, na msimwache peke yake. Wewe uliyeuliza, kama ni rafiki yako au ni wewe mwenyewe, niko hapa mpaka saa kumi jioni.

Msichana, kidato cha kwanza: Kile kibuyu chirizi ulichomwambia Mkuu wa Shule kinatengenezwaje?

Afadhali umeuliza, nilikuwa nasahau kilichonileta. Kunawa kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula kunazuia kuhara, hilo mnalijua tangu darasa la tatu. Hamnawi kwa sababu maji yako mbali na choo na kata imechafuka kwa kushikwa na kila mtu. Kibuyu chirizi hakishikwi. Unachukua kidumu cha lita 5, kile cha mafuta ya alizeti, hapa Singida hatuvikosi. Unakiosha. Unapasha msumari moto, unatoboa tundu moja upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Unasimika miti miwili yenye panda, unapitisha fimbo kwenye mkono wa kidumu, unailaza juu ya panda. Kamba unaifunga shingoni mwa kidumu, inashuka mpaka kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, kidumu kinainama, maji yanachirizika kidogo kidogo. Ukiachia, kinasimama. Sabuni unaitoboa na kuitundika kwa kamba, uifunike na kopo la sivyo kunguru watakuja kuichukua. Chini unaweka kokoto pasiwe na tope. Na kila jioni mtu wa zamu anajaza maji, kwa sababu kibuyu chirizi kikavu ni pambo.

Vidumu viwili ninavyo kwenye gari. Tuanze na choo cha wasichana. Kidato cha pili, naomba miti minne yenye panda, na mtu mmoja akanitafutie msumari na kaa la moto jikoni.